Siku Ulipompa Kocha Mgongo

Baba yangu mpendwa,

Kocha amepiga simu.

Najua ungekuwepo ungeniambia nirudie, halafu ungejifanya hukushtuka, ungeendelea kukaza kamba za robota lako na kusema, "Si nilikwambia?" Basi narudia. Yule kocha wa Marekani, yule mama uliyemkatia simu asubuhi ile tukiwa sokoni Guangyuan Xilu, amepiga. Amepiga kwenye laini yako ya hapa Guangzhou, ambayo sikuifunga kwa sababu wateja wako wa Arusha na Moshi bado wanaitumia, na wengine mpaka leo wanaanza kwa kuuliza, "Mzee yupo?" Nilipokea nikidhani ni wakala wa meli ananiuliza habari za kontena. Amechelewa, baba. Amepiga wewe uko chini ya udongo wa Mbulu, mimi nimekaa juu ya robota la magauni, na aliyekuwa anamtaka si mimi.

Nitakusimulia yote, ila sitaanzia hapo. Wewe mwenyewe ulikuwa hupendi habari inayoanzia mkiani.

Unakumbuka viatu vyekundu? Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa michezo alikupigia huku China akakuambia binti yako anawaacha wenzake mbali kwenye mita elfu tatu, tena pekupeku. Wewe mambo yako yote uliyafanya kwa katoni. Ukaenda kwa laoban wa viatu, ndivyo mnavyowaita wenye maduka huku, akakuambia jozi moja hauzi, anauza katoni, na katoni ni saizi moja. Mtu mwingine angetafuta duka lingine. Wewe ukanunua katoni. Vikafika Mbulu katikati ya mzigo wa jeans, vyekundu, namba arobaini vyote, na shule nzima ikakimbia na namba arobaini. Wenye miguu midogo walijaza magazeti kwenye pua za viatu, wenye miguu mikubwa walikata visigino. Mvua ya kwanza tu soli zikaanza kubanduka, tukamaliza mashindano ya wilaya wengine wamefunga viatu kwa kamba za katani. Uliporudi likizo nilikuonyesha vyangu. Ukavigeuza, ukakwangua gundi kwa ukucha, ukasema kwa hasira ya kweli, "Huyu laoban nitamrudia." Na mama aliniambia ulimrudia, ukarudishiwa nusu.

Ndivyo ulivyotupenda, baba, kutoka mbali, kwa mzigo. Watu wa nyumbani walikuwa wanasema baba yao yuko China anatafuta, nami nilipokuwa mdogo nilifikiri kuna kitu chako kilipotea huku. Ulikuja mara mbili kwa mwaka, unanuka karatasi za katoni mpya, unatuletea vitu ambavyo hatukuomba. Mimi uliniita "mama" kwa sababu nilibeba jina la mama yako. Mdogo wangu ulimwita Agripina, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyoita majina ya watoto wake. Sikuwahi kuona tofauti yoyote hapo. Nimeiona wiki hii.

Nilipomaliza kidato cha sita ukaniita huku. Mama alidhani nimekuja kutembea, wewe ukasema nimekuja kuona chakula chetu kinatoka wapi. Asubuhi nilikimbia kando ya mto, katikati ya wazee wa Kichina wanaojipiga makofi mabegani na mapajani ili damu iamke, na wewe ulikaa kwenye benchi na maziwa yako ya soya, goti lako bovu umelinyoosha, ukinipimia muda kwa simu. Hukuwahi kukimbia maishani mwako isipokuwa kukimbilia ndege. Lakini nilipokuwa napita mbele yako ulisimama. Kila nikipita, unasimama, na glasi yako ya plastiki mkononi, kama watu wanavyosimama msafara wa mkubwa ukipita. Nilikuwa naona aibu mbele ya wale wazee. Leo natamani ningekupungia mkono hata mara moja.

Mchana ulinifundisha kazi. Guangyuan Xilu ilinitisha mwanzoni, maduka juu ya maduka, nguo zimepangwa mpaka darini, wabeba mizigo wanakupita na vitoroli wakikupigia kelele uwapishe, na usipopisha robota linakupisha lenyewe. Nilidhani utaanza kunifundisha kitambaa au mshono. Ulianza na mgongo.

"Ukishataja bei yako, laoban akasema bu xing, haiwezekani, usibishane tena," uliniambia. "Weka mali chini taratibu, kama unaiaga. Toka. Tembea polepole, ila usigeuke. Ukigeuka tu amejua unaitaka, umekwisha."

"Na asipoita je?"

Ulicheka mpaka ukashika goti. "Mama, mali iko dukani kwake, kodi inamsubiri, mteja anaondoka. Ataita huyo."

Na waliita kweli. "Lai, lai, lai!" njoo, njoo, na wewe unaendelea kutembea kidogo, kwa maringo, halafu unageuka umekunja uso kana kwamba wamekusumbua. Nilikuwa nauma midomo nisicheke. Watanzania wengine walikuja kujifunza kwako. Walisema mzee wa Mbulu ana mgongo wa biashara.

Sasa yule kocha. Dada mmoja wa kwetu aliyesoma kwenye chuo cha kocha huyo miaka ya nyuma ndiye aliyempelekea video zangu na muda wangu wa mashindano ya mikoa. Tukaandikiana wiki kadhaa. Nikakuambia, ukafurahi kwa namna yako, yaani uliuliza maswali mengi na kusahau kula. Kocha akasema anataka kuzungumza na mzazi kabla ya kunipa nafasi, ndiyo desturi yake. Tukapanga asubuhi ya huku, ambayo kwao ni jioni.

Tatizo ni kwamba siku mbili kabla tulikula ugali kwenye mgahawa ule wa Wakongo, na yule Mkenya wa simu za jumla, Otieno, akakaa meza yetu. Ukamtangazia kwa fahari. Akakushika mkono.

"Mzae, huko Marekani mambo yamebadilika, manze. Saa hii hao wanafunzi wanalipwa. Si scholarship tu, wanalipwa doo! Msichana wako usimpeane bure."

Nilikuona unavyotulia. Tonge lilibaki hewani. Hilo lilikuwa kweli, baba, Otieno hakukudanganya. Vyuo vya huko vimeanza kuwalipa wanafunzi wanaocheza. Ila alijua nusu, na wewe ukanunua ile nusu.

Asubuhi yenyewe tulikuwa ghorofa ya tatu, mbele ya duka la jeans la yule mama wa Kichina uliyekuwa ukimwita shemeji, kwa sababu ulikuwa na oda ya kufunga na hukutaka kazi ilale. Mageti ya chuma yalikuwa yanapandishwa kwa kelele. Ukaniambia nishike simu vizuri, wewe ukae mbele. Kocha akatokea, mwanamke wa makamo, macho yamechoka, ana kofia, ofisi nyuma yake imejaa picha za wasichana wenye matope miguuni. Alikusalimia kwa heshima, "Sir". Alikuambia ada yote, chumba, chakula, vitabu, na safari za mashindano, kwa miaka yote minne.

Nikakutafsiria. Nilitaka kusema ndiyo kwa niaba yako, kwa Kiingereza na Kiswahili na Kiiraqw.

"Mwambie ahsante," ulisema. "Muulize na mshahara."

Akaeleza. Alieleza vizuri, baba, pole pole, wala hakukudharau. Alisema fedha zipo, lakini zinakwenda kwa wachezaji wa mpira wao wa Kimarekani na wa kikapu, wale wanaojaza viwanja. Kwa wakimbiaji hakuna kitu. Tena kwa sababu ya fedha hizo hizo chuo kimepunguza hata idadi ya wakimbiaji wanaoruhusiwa, ana nafasi chache kuliko alizokuwa nazo tangu aanze kazi, na vyuo vingine vimefuta mbio kabisa. Akasema hata angekuwa nazo, mgeni mwenye viza ya mwanafunzi kulipwa ni mgogoro na uhamiaji. Nikakutafsiria yote, neno kwa neno.

Wewe ulikuwa unatabasamu. Nililijua lile tabasamu. Lilikuwa la dukani. Katika maisha yako yote ya kazi, hakuna laoban aliyekuambia mali ipo na faida ipo. Wote walilia njaa, wote walisema kiwanda kimepandisha bei, mtoto anaumwa, na ukitoka wanaita. Ukasikia kilio cha kocha ukasema moyoni, haya, mwanzo mwema.

Ukaomba kalkuleta ya shemeji. Ukabonyeza tarakimu, ukaigeuza, ukaisogeza mbele ya kamera ya simu.

Kocha akainama kwenye kioo. Aliuliza ni nini ile.

"Last price, my friend," ulimwambia. "Good girl. Number one."

Alicheka, halafu akaona hucheki, naye akaacha. Akasema, "Sir, mambo hayaendi hivi." Ukamwambia kwa upole wako wote, "No problem, my friend. Next shop." Ukanyoosha kidole ukakata simu, ukaichukua mikononi mwangu ukaiweka mfuko wa shati.

"Tembea," uliniambia. "Usigeuke."

Tukatembea. Sitasahau ile korido. Tulipita maduka ya suruali, ya chupi, ya majaketi ya watoto, wewe mbele na goti lako, mimi nyuma, na simu kifuani mwako imenyamaza. Tukafika kwenye ngazi. Ukasimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikaona mkono wako unagusa mfuko.

"Ataita," ulisema. "Kizuri chajiuza."

Hakuita. Baada ya siku chache ukaja ujumbe kwangu, mfupi, wa adabu. Nafasi ameichukua msichana aliyehamia kutoka chuo kingine, mkubwa, ameshakomaa, anaweza kushinda msimu huu huu. Nilikusomea ukiwa unakula. Ulitafuna mpaka ukamaliza, ukanywa maji. "Amenunua mali ya dukani," ulisema. "Mwenye haraka hawezi kusubiri oda ya kiwanda." Hayo tu. Ukainuka ukaenda kulipa.

Nilikulaumu, baba. Marehemu hadanganywi. Nilikulaumu nikiwa nakimbia kando ya mto, halafu nikaacha kukimbia nikaendelea kukulaumu nikiwa nimelala. Nilikuona mtu wa sokoni asiyejua kwamba kuna vitu havipo sokoni. Ulikuwa unaniita "mama, chai tayari," nami naitika kwa mbali. Hatukugombana hata siku moja. Afadhali tungegombana.

Lakini kuna kitu nilikiona na sikukuambia kwamba nimekiona. Uliacha kutoka madukani. Tulikuwa tunaingia kwa laoban, anataja bei, na wewe uliyekuwa ukiitwa mgongo wa biashara unasema "haya" na kutoa hela. Bei ya kwanza, baba. Bei ambayo hata yeye aliitaja ili ikataliwe. Wengine walibaki wameduwaa, wameshajiandaa kulia njaa na hawajapata nafasi. Siku moja shemeji wa jeans alinivuta pembeni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani, "Baba gonjwa? Baba hapana sema bei. Kwa nini?" Nikamwambia baba amechoka. Akanipa machungwa nikupelekee. Ulikula moja ukasema matamu, hukuuliza yametoka wapi.

Mzigo wa Krismasi ulifika nyumbani na bei ambayo Arusha hawakuiweza. Mama alikuwa ananipigia ananong'ona, "Baba yenu ana nini?" Ningesema nini, kwamba anaogopa kuwapa watu mgongo?

Halafu presha. Ulianguka Nansha, bandarini, ulikokwenda kufuatilia kontena ambalo ungeweza kulifuatilia kwa simu. Hospitali walipokupokea ulikuwa hujui uko wapi. Ulikuwa unaongea Kiiraqw na wauguzi wa Kichina, nao wanakuitikia "hao, hao," sawa, sawa, kwa huruma. Mimi hukuniita mama siku hizo mbili za mwisho wako. Uliniita "laoban" mara moja, ukaniomba nikupunguzie, nami sikujua unataka nipunguze nini, nikasema nimepunguza, ukatulia.

Watu walikuchangia, baba, Waislamu wa Dar na Zanzibar kwa Wakristo wa bara, Otieno alitoa na akalia kuliko ndugu. Shemeji alifunga duka nusu siku. Tulikupeleka uwanja wa ndege wa Baiyun, upande wa mizigo, kule ulikokuwa ukipeleka vitu vya haraka, na kijana wa dirishani aliyekufahamu hakujua aangalie wapi. Mbulu kulikuwa na baridi na watu wengi. Na shangazi, dada yako mwenyewe, alikaa na wanawake wenzake akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtaka yote hukosa yote. Mtoto angekuwa Marekani sasa hivi, baba yake angekuwa hai." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anyamaze au aondoke. Mama alinishika mkono. Sijamwomba shangazi msamaha mpaka leo na sidhani kama nitamwomba.

Nikarudi huku kwa sababu ada ya Agripina na deni la mzigo havikufa nawe. Ndiyo maisha yangu, baba. Nanunua magauni, nafunga, nasafirisha. Naweza kupunguziwa bei vizuri tu. Wananiita binti wa mzee.

Sasa simu yenyewe. Alianza kwa kukuulizia wewe. "Naomba kuzungumza na mzee." Nikamwambia umefariki. Akasema pole, na haikuwa pole ya mdomoni. Halafu akasema kitu ambacho sikumuuliza.

"Siku ile nilisubiri apige tena," alisema. "Nilisubiri mpaka kesho yake jioni. Nilikuwa sitaki yule mwingine. Nilidhani mzazi amekasirika, akitulia atapiga. Hakupiga."

Nilikaa chini, hapo hapo dukani, juu ya robota.

Alisubiri, baba. Wewe uko Guangyuan Xilu na simu mfukoni unasubiri akuite, na yeye yuko ofisini kwake anasubiri umpigie. Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu hapo, na sasa naona ulipokosea. Ulidhani wewe ni mteja. Ulitoka kama mteja, ukatembea kama mteja. Kumbe siku ile mwenye mali ulikuwa wewe, na mwenye mali hatoki dukani kwake akamwacha mnunuzi ndani. Miaka yote ile ya kununua, na siku moja tu uliyosimama upande wa pili wa meza hakuna aliyekuambia umebadilisha upande.

Alinieleza kilichompata. Yule msichana mkubwa alikaa msimu mmoja. Alikimbia vizuri, na kwa kuwa alikimbia vizuri chuo kingine kikubwa zaidi, kimoja cha vile vichache ambavyo bado vina fedha za kuwatupia hata wakimbiaji, kikamchukua. "Siku hizi ndivyo ilivyo," alisema. "Ninayempata amekomaa anaondoka. Sina cha kumzuia nacho. Nataka msichana mdogo nitakayemlea mwenyewe, akae." Akaniuliza kama bado nakimbia. Nikasema hapana. Wala hakujaribu kunibembeleza, akasema anaelewa. Ndipo akasema amemwona Agripina kwenye video ya mashindano ya shule.

Usinielewe vibaya, nilifurahi. Agripina anakimbia kuliko nilivyokimbia mimi. Ana mguu mrefu wa mama na roho yako ya ubishi, akiachwa anakimbia kwa hasira. Lakini masharti, baba! Si yale uliyoyakataa. Ada atalipiwa, chumba atalipiwa. Chakula hakimo. Na si kwa miaka minne, ni kwa mwaka mmoja, mwaka unaofuata wataangalia hali ya fedha na kama timu bado ipo. Kocha mwenyewe alikuwa anaona haya kuyasema. Alisema, "Najua si kama zamani. Fedha zimekwenda kule kwa wengine." Halafu akanyamaza, na nilimsikia anangoja. Alikuwa amejiandaa, baba. Alikuwa amekumbuka kalkuleta. Nadhani alikuwa hata na kitu kidogo pembeni cha kuongeza, maana namjua mtu anayengoja kuombwa, nashinda nao kutwa.

Nikasema ndiyo. Nilisema kabla hajavuta pumzi. Nikasema "yes, yes, thank you," kama mtu anayepokea chenji.

Nilimpigia Agripina jioni ya nyumbani, ametoka mazoezini, anahema. Nikamwambia. Nilitegemea apige kelele, mama aje mbio kutoka jikoni. Hakupiga kelele.

"Wanatoa nini?" aliuliza.

Nikamweleza.

"Na chakula?"

"Cha kula tutajua, nitatuma kutoka huku."

"Uliomba wakakataa?"

"Sikuomba."

"Hata miaka minne hukuomba?"

"Agri, unajua yaliyotokea. Nafasi ni chache, ningebishana tungekosa. Nimekuokolea nafasi."

Nilisikia kuku wa mama, na mtu anakata kuni. Halafu akasema, bila hasira, na ndiyo maana nimeshindwa kulisahau: "Dada, baba wewe alikubishania mpaka simu ikakatika. Mimi nimeuzwa bei ya kwanza."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema sawa, dada, ahsante sana kwa kunihangaikia, kwa adabu yote, akampa mama simu.

Ndiyo nakuandikia. Niliamini muda wote huu kwamba uliniharibia. Nimeishi na hilo kama watu wanavyoishi na jino bovu. Na ni kweli uliniharibia, kocha amenithibitishia, ungenyanyua simu ukapiga mara moja tu ningekwenda. Lakini hakuna mtu mwingine duniani, baba, si mwalimu, si kocha, si yule kijana wa Moshi aliyesema ananipenda, aliyewahi kunitazama akaona hii si ya bei hiyo. Wewe uliona. Ulikosea kila kitu kingine, hilo hukukosea. Nilikuwa sijui kwamba ni kitu mtu anaweza kunyimwa mpaka nilipomnyima mdogo wangu kwa mkono wangu, nikidhani namhurumia.

Ningempigia kocha tena niombe chakula. Nimeshika simu mara kadhaa. Lakini nimeshasema ndiyo, na neno hilo huku likitoka halirudi, na naogopa. Nimekuwa mwoga, baba. Wewe ndiye uliyenirithisha, ile miezi yako ya mwisho.

Atapanda ndege Agosti viza ikitoka. Mama anasema anajitayarisha vizuri, anafua, anakunja, anafuata kila anachoambiwa, haulizi bei ya kitu chochote.

Lala salama huko, baba. Na kama mnaruhusiwa kuwatokea watu ndotoni, usinijie mimi. Mwendee Agripina kabla hajaondoka, mkae naye, umtajie bei yake. Itaje kubwa, halafu usipunguze.

Ni mimi,
binti yako mkubwa,
Guangzhou.